Injini ya gari uliyoinunua ikikutia wasiwasi: anza na dalili, fundi baadaye

Wiki ya tatu baada ya kununua Toyota Noah yangu, mshale wa joto ulipanda pale Mwanakwerekwe, Unguja, saa ya watu kurudi makwao. Nyuma nilikuwa na mama, watoto wawili na vikapu vya sokoni. Fundi wa kwanza alifungua kifuniko cha oili, akasikiliza kidogo, akasema gasketi ya silinda hedi (kiziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, afadhali nitafute injini nyingine. Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi jirani yangu, mzee aliyeendesha daladala miaka mingi, aliniuliza jambo moja: "Mwanangu, feni inazunguka?" Haikuwa ikizunguka. Fyuzi nzima, rilei (swichi ya umeme wa feni) nzima, mota ya feni ndiyo iliyokufa. Tukafunga mota nyingine, na injini ile ile ndiyo inayotupeleka Makunduchi mpaka leo.

Tangu hapo kila jamaa anayenunua gari huja kwangu na hofu yake, na hofu hizo hujirudia. Nimezipanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi, ya mwisho ndiyo adimu. Nyingi zinaweza kusubiri hadi Jumamosi. Mbili hazisubiri hata kilomita moja: joto kupita kiasi na taa nyekundu ya oili. Ukisoma kwa haraka, soma hizo mbili, na kila mahali nilipoandika zima.

Kabla ya yote, ijue injini uliyonayo

Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na Wajapani huandika. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, kisha fungua boneti. Mara nyingi utakuta stika ya gereji yenye tarehe ya kumwaga oili na kilomita za siku ile. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu yao: mwaka wa Heisei uongeze 1988, kwa hiyo Heisei 20 ni 2008, mwaka wa Reiwa uongeze 2018, kwa hiyo Reiwa 1 ni 2019. Ikiwa stika inasema kilomita 148,000 na dashibodi leo inasoma 96,000, umeshajua kuwa kilomita zimerudishwa nyuma. Gari si lazima iwe mbovu kwa hilo, ila usipange matengenezo kwa kuiamini dashibodi.

Jua pia jina la injini. Noah ya zamani, ile ya SR40 na SR50 ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, ina 3S-FE yenye belti ya taimingi (inayoendesha vali za injini). Noah na Voxy za AZR60, zilizotoka kuanzia 2001, zina 1AZ-FSE yenye cheni badala ya belti. IST, Raum na Spacio za 1.5 nyingi zina 1NZ-FE. Spacio na Wish za 1.8 nyingi zina 1ZZ-FE. Alphard na Ipsum za 2.4 zina 2AZ-FE. Kila moja ina ugonjwa wake, na fundi asiyekuuliza ni injini gani kabla ya kutaja bei mwogope.

Dalili ya 1: Joto linapanda

Kwanza usalama. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote hata kama mtaloa jasho, na tafuta pembeni pa kusimama. Ukikaribia alama nyekundu, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yale yako kwenye mgandamizo na joto lililopita la chungu kinachochemka, yatakuruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Wala usimwagie injini maji baridi ikiwa moto, silinda hedi hupinda au kupasuka. Mikono iwe mbali na feni, inaweza kuanza yenyewe hata gari ikiwa imezimwa.

Wenye Vitz wakumbuke kuwa nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu na nyekundu tu. Ya buluu ni injini bado baridi. Nyekundu ikiwaka tayari umechelewa, kwa hiyo simama pale pale.

Injini ikipoa, jiulize: joto linapanda wakati gani?

Likipanda kwenye foleni na kushuka ukishika barabara ya wazi, tazama feni. Washa kiyoyozi injini ikinguruma. Kwenye Toyota nyingi feni inatakiwa ianze papo hapo. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi lile lile, kisha chomoa kiunganishi cha waya ukitazame. Sisi wa visiwani tuna adui wa ziada. Upepo wa chumvi huingia kwenye viunganishi ukaacha ungaunga wa kijani, na umeme haupiti. Gari inayolala Nungwi au Jambiani ikiangalia bahari huoza waya kabla ya kuoza kitu kingine. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, au kwa brashi laini betri ikiwa imechomolewa. Waya ukiwa safi na umeme unafika, basi ni mota.

Likipanda popote pale, pima maji injini ikiwa baridi kabisa, ndani ya rejeta yenyewe, maana chupa ya pembeni inaweza kuwa imejaa na rejeta tupu. Maji yakiwa yamepungua, yametoka mahali. Tafuta alama: ukoko mweupe au wa rangi ya waridi kwenye pampu ya maji, ufa kwenye plastiki ya juu ya rejeta, unyevu kwenye mipira. Kifuniko cha rejeta chenyewe nacho huchoka. Raba yake ikiwa imekakamaa au imepasuka, kibadilishe kwa chenye namba ile ile iliyochapwa juu yake, 0.9 au 1.1. Ni spea ya bei ndogo na imewaponya wengi.

Likipanda ukiwa umebeba watu na unapanda kilima, na hapa wenzetu wa Pemba wa njia za Chake kwenda Wete na Konde ndio wanaojua, basi rejeta haipozi vya kutosha. Aidha imeziba ndani, au mapezi yake ya nje yameliwa na chumvi yakawa yanapukutika ukiyagusa, au temostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto) haifunguki. Unguja tambarare unaweza kuendesha mwaka mzima bila kujua kuwa rejeta yako imeziba nusu. Siku unavuka na boti ya gari kwenda harusini Pemba ndiyo inakuumbua.

Juu ya kuziba nisimame kidogo, kwa sababu tunajiletea wenyewe. Visiwa vyetu vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa, na ya karibu na pwani yana chumvi. Ukiyajaza kwenye rejeta, chokaa inaganda kwenye njia nyembamba na chumvi inakula alumini. Tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta. Umekwama njiani na kisima ndicho kilicho karibu? Jaza ufike nyumbani, lakini wiki ile ile mwaga yote, suuza, uweke kulanti.

Na temostati isitolewe. Nimesikia mara nyingi, "huku joto, haina haja." Ina haja. Bila yake injini hukaa chini ya joto lake la kazi, mafuta yanaliwa zaidi na oili inachafuka haraka. Aliyeitoa ameficha tatizo, na tatizo litarudi.

Noah ya zamani ina njia ndefu ya maji kutoka rejeta hadi injini iliyo chini ya kiti. Baada ya kujaza maji upya, hewa hukwama humo na joto likapanda bila ubovu wowote. Fundi atoe hewa kwanza kabla ya kutoa hukumu.

Gasketi ya silinda hedi ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Ishara zake: mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta iliyo wazi injini ikiwashwa ikiwa baridi, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, maji kupungua bila kuvuja popote, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

*Acha na uite fundi:* ukiona moja ya ishara hizo, au mshale umegusa nyekundu zaidi ya mara moja. Wenye 2AZ-FE waongeze tahadhari, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000: nyuzi za bolti za silinda hedi huchoka ndani ya bloku yenyewe, na kubadilisha gasketi peke yake hakutasaidia mpaka nyuzi zitengenezwe. Muulize fundi kama ana vifaa vya kazi hiyo kabla hajafungua bolti ya kwanza.

Dalili ya 2: Taa nyekundu ya oili inawaka ukiwa njiani

Zima injini. Si ukifika nyumbani, wala si ukifika kituo cha mafuta.

Taa hii haipimi wingi wa oili, inapima mgandamizo wake. Ikiwaka, huenda vyuma vinasuguana vikavu, na dakika chache zinatosha kuua injini nzima. Subiri dakika kumi kwenye sehemu tambarare, chomoa kijiti cha kupimia, pangusa, rudisha, chomoa tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo hadi kati ya alama mbili (kutoka ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja hadi moja na nusu), kisha washa. Taa ikizimika ndani ya sekunde chache, umeponea. Nenda taratibu na utafute oili ilikokwenda.

Oili ikiwa imefika alama yake na taa bado inawaka, usiiwashe tena. Inaweza kuwa sensa tu, na mara nyingi huwa hivyo. Inaweza kuwa chujio la chini limezibwa na tope la oili isiyobadilishwa. Inaweza kuwa pampu, au metali (beringi) za krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, zimelika. Huwezi kuzitofautisha kwa sikio. Fundi atoe sensa, afunge geji ya mgandamizo, asome. Gari ije ivutwe. Ikiwa ni otomatiki, magurudumu yanayoendeshwa na injini yanyanyuliwe juu, yasiburuzwe.

Dalili ya 3: Oili inapungua, au kuna moshi

Ukiona oili inapungua, pima kabla ya kuhuzunika. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, endesha kilomita 1,000, pima tena asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa imepungua robo lita, ishi nayo na ukague kila Ijumaa. Ikifika lita nzima, kuna kazi.

Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Madoa asubuhi yatakuambia kama inavuja, na kuvuja ndiko kwingi: sili ya kifuniko cha vali, filta isiyokazwa, bolti ya kumwagia. Boksi likiwa kavu, oili inaungua ndani. Hapo anza na vali ya PCV, kidude kidogo kinachovuta mvuke wa oili kuurudisha kwenye injini. Ikiganda wazi, inavuta na oili yenyewe. Itoe, itikise, ikiwa haigongi ndani, ibadilishe.

Kisha tazama moshi. Wa buluu asubuhi ukiwasha, halafu unaisha: sili za vali, na hizo zinabadilishwa bila kufungua injini yote. Wa buluu kila ukikanyaga mafuta: ringi za pistoni. Hapa 1ZZ-FE za kabla ya 2005 zinajulikana, tundu za kurudishia oili kwenye pistoni zake ni ndogo na huziba, ringi zikashikana. Ukiinunua gari ya injini hiyo, weka nusu galoni ya oili nyuma ya kiti na usiruhusu kiwango kishuke. Wengi wameendesha hivyo miaka.

Muuzaji anaweza kuwa aliweka oili nzito ili moshi na kelele vipungue siku ya majaribio. Ndiyo maana gari "ilikuwa nzima" mpaka ulipomwaga oili. Rudi kwenye oili inayotakiwa, kwa nyingi ya hizi ni 5W-30, uone ukweli.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa kwanza, kisha sensa. Mvuke mweupe mwepesi unaopotea asubuhi za masika ni unyevu tu, usiupe usingizi wako.

Dalili ya 4: Injini inamisi, inatetemeka, au inazimika ukisimama

Kumisi ni silinda moja kukosa kuwaka. Sababu ya kwanza ni plagi zilizochoka, ya pili ni koili, inayoipa plagi umeme wake. Zote mbili utazijua kwa mchezo mmoja wa bei ya bure. Taa ya chekinjini ikiwaka na mashine ya kupimia ikasema P0301, silinda ya kwanza ndiyo inayomisi. Zima gari, hamisha koili ya kwanza uipeleke kwenye silinda ya tatu, futa kosa, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Hamisha plagi ufanye vivyo hivyo. Ndugu yangu mmoja aliuziwa koili nne kwa ubovu wa plagi moja.

Vifaa vidogo vya kupimia kwa simu havisomi gari zote za soko la Japani, hasa za zamani. Mafundi wa zamani huunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya usukani, taa ikakonyeza na wao wakahesabu. Inafanya kazi, lakini tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukikosea unachoma kitu. Mwachie anayejua.

Ikizimika au kutetemeka kwenye sailensi tu (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), throto chafu, yaani mlango wa hewa ya injini, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Isafishe kwa dawa yake na kitambaa, usilisukume bamba lake kwa nguvu. Kwenye 1AZ-FSE, zilizoandikwa D-4, uchafu hauishii hapo. Petroli yake inapuliziwa ndani ya silinda, haipiti kwenye vali za kuingizia hewa kuziosha, na masizi hujaa huko. Kusafisha njia ya hewa na vali ni kazi ya siku nzima ya fundi, na gari hutoka kama mpya. Kumbuka pia petroli. Ikianza kumisi saa chache baada ya kujaza mafuta ya dumu huko shamba, usiitafute koili, tafuta maji kwenye tangi.

Injini ikinguruma sawasawa lakini gari nzima inatikisika ukiweka D, ni mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zimekatika. Ikisita au kuvuma wakati wa kuondoka, huenda ni gia boksi. Kama ni CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia), hakikisha haikuwekwa oili ya gia ya kawaida, maana ina yake maalumu na hiyo nyingine inaiua.

*Acha na uite fundi:* taa ya chekinjini ikikonyeza, punguza mwendo na usimame, petroli isiyoungua inachoma katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi. Ukisikia harufu kali ya petroli, zima, washushe watoto, usiwashe kitu chochote. Na usilegeze bomba la mafuta la D-4 kwa mkono wako. Mgandamizo wake unaweza kupasua ngozi.

Dalili ya 5: Milio

Mlio mwembamba wa kupiga kelele asubuhi, hasa siku ya mvua, ni belti ya nje. Ikague nyufa, ikazwe au ibadilishwe.

Mlio wa chuma kurukaruka sekunde moja mbili ukiwasha, kisha kimya, ni cheni ya taimingi ikisubiri oili kufika. Badilisha oili na filta kwanza, pengine yataisha. Ikiendelea injini ikiwa na joto, cheni na kikazio chake vikaguliwe, maana kwenye injini hizi cheni ikiruka vali hugongana na pistoni. Belti ya 3S-FE ina huruma zaidi, ikikatika unakwama njiani lakini vali huwa salama. Hata hivyo ibadilishe kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu haijabadilishwa.

Mlio mzito wa kugonga, "ngo-ngo-ngo", kutoka chini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ni metali za krenkshafti. Zima. Hapa hakuna jaribio la nyumbani.

Dalili ya 6: Haiwaki

Ikisema "tek" au taa zinafifia, betri. Pima: volti 12.6 ukiwa umezima ni nzuri, chini ya 12.2 ina njaa. Ikiwaka, isome tena kati ya 13.5 na 14.5, chini ya hapo alteneta haichaji. Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa kabla ya kununua chochote, kwa sababu ile ile ya upepo wa bahari. Ikizunguka vizuri lakini haishiki, sikiliza pampu ya petroli ikivuma nyuma kwa sekunde mbili ukifungua swichi. Si gari zote huvuma wakati huo, kwa hiyo ukimya si ushahidi wa mwisho.

Ukiambiwa injini imekufa

Omba ipimwe kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) silinda zote nne, mbele yako, na uandikiwe namba. Namba zikiwa ndani ya kiwango cha injini hiyo na silinda zikikaribiana, tofauti isiyozidi PSI 15 hivi, injini hiyo huenda bado ina maisha na tatizo liko kwingine. Moja ikiwa chini sana, fundi atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi yake apime tena. Namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi, na silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja huwa ni gasketi katikati yao. Kipimo hiki huchukua chini ya saa moja. Anayekikataa, mshukuru, uchukue gari yako.

Na ikithibitika kweli kuwa injini haifai, iliyoagizwa kutoka Dar ifunguliwe kifuniko cha vali kabla hujalipa, uone kama ndani ni rangi ya dhahabu au tope jeusi. Sili ya nyuma ya krenkshafti, pampu ya maji na temostati zibadilishwe ikiwa bado iko chini, kazi ya dakika chache ambayo ikishafungwa ndani ya Noah inakuwa ya siku mbili. Namba yake ya injini haitakuwa ile iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo dai risiti yenye namba hiyo siku ile ile ya kununua.